Galaksi Zikigongana, Fuata Gesi

Mabibi na mabwana, walimu, wanafunzi, na nyote mliokuja jioni hii kwa sababu tu mnaipenda anga, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Kila panapozungumzwa habari za galaksi kugongana, swali la kwanza huwa lile lile: je, nyota nazo hugongana? Acheni nilijibu mapema ili tuliweke kando. Karibu hazigongani kabisa. Jua letu lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4. Nyota iliyo jirani nalo kuliko zote, Proxima Centauri, iko umbali wa kilomita trilioni 40 hivi. Ukitaka kupanga majua kwa mstari mmoja kutoka hapa hadi kule, utahitaji zaidi ya milioni 28. Penye uwazi mkubwa kiasi hicho, galaksi mbili zenye mabilioni ya nyota zinaweza kupenyana, zikatokea upande wa pili, zikageuka na kurudiana tena, na bado nyota kugusana na nyota likabaki jambo la nadra mno.

Kinachogongana ni gesi. Mkitoka hapa mkiwa mmesahau majina yote nitakayoyataja, hilo moja lisiwatoke.

Kati ya nyota na nyota kuna gesi, hasa hidrojeni, iliyochanganyika na vumbi. Sehemu yake nzito zaidi imejikusanya katika mawingu makubwa, mengine yenye upana wa zaidi ya miaka nuru 100 (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima), na baridi yake ni kali ajabu: nyuzi 10 hadi 20 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi kali kuliko zote ziwezekanazo. Nyota huzaliwa humo. Wingu likipoa vya kutosha na kusongamana vya kutosha, uvutano wake lenyewe hulishinda shinikizo la gesi, likajikunja, likakatika vipande, na vipande vile vikawa nyota. Basi swali linalostahili muda wetu ni hili: galaksi mbili zikikaribiana, mawingu haya yanapatwa na nini?

Aliyekuwa wa kwanza kujaribu kulifanyia majaribio jambo la galaksi kukaribiana hakuwa na kompyuta. Ni Erik Holmberg, mwanaastronomia Mswidi, na mwaka ulikuwa 1941. Alijua kwamba mwanga hupungua kwa kanuni ile ile inayotawala uvutano: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo. Akachukua balbu 74, akazigawa makundi mawili ya balbu 37, kila kundi likawa galaksi. Alipotaka kujua nyota fulani inavutwa kiasi gani na upande gani, aliitoa balbu hiyo, akaweka mahali pake kifaa cha kupimia mwanga, akasoma mwanga unaofika hapo kutoka kila upande. Kisha akaisogeza balbu kidogo kulingana na kipimo, akaenda ya pili, ya tatu, mpaka zote 74 zimehama hatua moja. Halafu akaanza upya. Mimi huwaza sana juu ya uvumilivu ule. Na matunda yake hayakuwa madogo: aliona galaksi zinazokaribiana zikivutana hadi kupoteza umbo, na akaonyesha kwamba zinaweza kunasana.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1972, ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, waliifanya kazi ya namna hiyo kwa kompyuta. Walitaka kueleza ile mikia mirefu na madaraja ya nyota yaliyokuwa yamejaa katika atlasi ya Halton Arp, iliyotoka mwaka 1966 ikiwa na picha 338 za galaksi zenye maumbo yasiyo ya kawaida. Wapo wataalamu waliodhani mikia ile haiwezi kuwa kazi ya uvutano peke yake. Ndugu wale walionyesha kwamba uvutano unatosha. Nguvu yenyewe ni ile inayoifanya bahari ijae na kupwa: mwezi huvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, na tofauti hiyo huinyoosha bahari. Galaksi moja hufanya hivyo hivyo kwa nyenzake. Upande wa karibu huvutwa ukawa daraja, upande wa mbali huachwa nyuma ukawa mkia. Na katika makala ile ile walidokeza kwamba purukushani hiyo huenda ikasukuma gesi hadi kwenye kitovu cha galaksi na kuwasha moto huko. Dokezo hilo limezalisha kazi ya nusu karne.

Inakuwaje gesi iende katikati? Naomba hapa tutulie kidogo, maana ndipo penye moyo wa jambo lote.

Katika galaksi iliyotulia, gesi inazunguka kitovu kwa kasi inayoiwezesha kubaki pale ilipo. Haianguki ndani kwa sababu ya mwendo wake wa kuzunguka. Ili ianguke, lazima kitu kiinyang'anye mwendo huo. Sasa galaksi nyingine ikipita karibu, diski ya nyota, yaani ile sahani bapa inayozunguka kitovu, hupindika na kujipanga kama mhimili mrefu unaokatiza katikati. Gesi nayo hujipanga hivyo, lakini gesi ina tabia ambayo nyota hazina: vipande vyake vikikutana hugongana, hupoteza nishati kwa kung'aa, hupoa. Kwa hiyo mhimili wa gesi hutangulia kidogo mbele ya mhimili wa nyota katika mzunguko. Uko mbele, na nyota zilizo nyuma yake zinauvuta kurudi. Mvuto huo wa kurudi nyuma ndio unaoinyang'anya gesi mwendo wake. Gesi inaanza kuteremka, na kwa muda mfupi kwa hesabu za anga, miaka milioni 100 hivi au zaidi kidogo, shehena kubwa ya gesi iliyokuwa imetawanyika katika diski nzima inakuwa imerundikana katika eneo dogo la katikati. Chris Mihos na Lars Hernquist waliyaonyesha haya kwa modeli za kompyuta katika miaka ya 1990, wakaongeza jambo ambalo watu hulipita haraka: galaksi yenye uvimbe mnene wa nyota katikati huistahimili misukosuko ya mwanzo, gesi yake haiteremki hadi muungano wa mwisho, na ndipo nyota huzaliwa ghafla kwa wingi kupita kiasi. Isiyo na uvimbe huo huanza kutumia gesi yake mapema, tangu galaksi zinapopishana mara ya kwanza.

Kurundikana kuna uzito wake, kwa sababu kuzaliwa kwa nyota hakuendi sambamba na gesi. Maarten Schmidt alilipendekeza jambo hili mwaka 1959, na Robert Kennicutt akalipima kwa galaksi nyingi mwaka 1998: kasi ya kuzaliwa nyota hufuata msongamano wa gesi uliopandishwa kwa kipeo cha 1.4. Maana yake, ukisonganisha gesi mara 10 zaidi, nyota hazizaliwi mara 10 zaidi, zinazaliwa mara 25. Galaksi haikuongezewa chochote. Gesi ni ile ile, imehamishwa tu.

Ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba haya yanatokea kweli ulitoka kwa Beatrice Tinsley na Richard Larson, mwaka 1978. Walilinganisha rangi za galaksi za kawaida na rangi za zile za atlasi ya Arp. Za kawaida zilijipanga katika mstari mwembamba. Za Arp zilitawanyika huku na huko. Nyota kubwa za buluu huishi miaka milioni chache tu, kwa hiyo rangi ya galaksi hutunza kumbukumbu ya mambo ya karibuni, na mtawanyiko ule ulisema kwamba galaksi zilizovurugwa zimepitia vipindi vifupi vya nyota kuzaliwa kwa fujo. Tinsley alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 40. Sehemu kubwa ya tunavyofikiri leo kuhusu jinsi galaksi zinavyobadilika kwa wakati imejengwa juu ya kazi yake, na jina lake halitajwi inavyostahili. Ndiyo maana nalitaja.

Kisha ikaja setilaiti ya IRAS, mwaka 1983, iliyoitazama anga kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao vitu vyenye joto huutoa. Ilikuta galaksi ambazo kwa darubini za kawaida ni hafifu, lakini kwa infraredi zinang'aa kuliko majua trilioni moja. Zilipochunguzwa moja moja, karibu zote zilikuwa galaksi zilizo katikati ya kuungana. Iliyo karibu nasi zaidi ni Arp 220, umbali wa miaka nuru milioni 250. Ndani yake kuna vitovu viwili, vya galaksi mbili zilizokuwa mbalimbali, na sasa vimetengana kwa miaka nuru 1,200 hivi tu. Vumbi limevifunika. Nyota changa zinalipasha vumbi joto, na vumbi linatoa joto hilo kwa infraredi. Ndiyo sababu macho yetu hayakuwa yameiona kazi inayofanyika mle. Njia Nyeupe, galaksi yetu, kila mwaka hugeuza kuwa nyota gesi yenye uzito wa Jua moja au mawili. Arp 220 hugeuza uzito wa majua 200 hivi.

Mtu akisikia hayo anaweza kudhani nyota huzaliwa katikati tu. Tazameni jozi iitwayo Antena, NGC 4038 na NGC 4039, iliyo katika kundinyota la Ghurabu, zaidi ya miaka nuru milioni 60 kutoka hapa. William Herschel aliiona mwaka 1785. Mikia yake miwili imejikunja kama vipapasio vya mdudu. Darubini ya Hubble ilipoielekea katika miaka ya 1990 ilikuta mamia kwa mamia ya vishada vya nyota changa, vingine vizito kiasi cha kuweza kudumu kwa mabilioni ya miaka. Lakini chunguzeni sehemu moja, ile ambapo diski mbili zinakutana, kati ya vitovu viwili. Katika picha ya kawaida ni mchirizi wa vumbi jeusi, kama kwamba hakuna kitu. Mwaka 1998 watafiti walionyesha, kwa vipimo vya infraredi vya setilaiti ya ISO, kwamba doa moja mle gizani ndilo linalong'aa kuliko mahali pengine popote katika jozi nzima, vitovu vyenyewe vikiwemo. Oktoba 2011, darubini ya redio ya ALMA kule Chile ilipotoa picha yake ya kwanza, ilichagua galaksi hizi hizi, na gesi nzito ilionekana imejaa pale pale.

Kwa hiyo kuna njia ya pili. Gesi haihitaji kusafiri hadi katikati. Mpishano wa galaksi unaweza kuikoroga pale pale ilipo, ukaisukuma na kuikandamiza, mpaka mawingu yaliyokuwa yakielea kwa amani yakawa mafundo mazito. Modeli za kompyuta za kuanzia mwaka 2010 hivi, zenye uwezo wa kufuatilia mawingu madogo kuliko za zamani, zinaonyesha wazi jinsi mkorogo huo unavyozaa vishada mbali na kitovu. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko kubwa la mawazo katika fani hii tangu kazi ya Mihos na Hernquist.

Sasa niwaonye. Gesi ikikandamizwa si lazima izae. Kuna jozi ya UGC 12914 na UGC 12915, ambayo diski zake zilipigana uso kwa uso miaka milioni 25 hivi iliyopita, kisha zikaachana. Kati yake limebaki daraja kubwa la gesi. Kwa hesabu rahisi, hapo pangewaka nyota kila upande. Hakuna, isipokuwa sehemu moja ndogo. Vivyo hivyo katika Kundi la Galaksi Tano la Stephan, lililogunduliwa mwaka 1877, galaksi moja inaingia miongoni mwa nyingine kwa kasi ya kilomita 800 hivi kwa sekunde. Wimbi la mshtuko lililotokea ni pana kuliko Njia Nyeupe, na lina hidrojeni ya molekuli tele, ile ambayo atomi zake zimeungana mbili mbili, lakini nyota mle ni chache. Gesi imetibuliwa kupita kiasi. Nishati ya mgongano inaizuia isitulie ikajikunja. Msongamano peke yake hautoshi. Lazima gesi ipate nafasi ya kupoa.

Hapa ndipo nisipokubaliana na namna jambo hili linavyoelezwa mara nyingi kwa umma. Picha za Antena na Arp 220 ni za kuvutia, basi watu huamini kila mgongano ni fataki. Uchunguzi wa anga wa Sloan, mradi mkubwa wa kupima anga kwa darubini, umepima makumi ya maelfu ya galaksi zenye jirani wa karibu. Sara Ellison, David Patton na wenzao walipozilinganisha na galaksi zisizo na jirani lakini zinazofanana nazo kwa mengine, waligundua ongezeko la kweli, ila la wastani: jozi zilizo karibu sana huzaa nyota kama mara mbili ya kawaida. Athari hiyo hupungua kwa umbali, ingawa dalili yake huonekana hata jozi zikitengana kwa miaka nuru karibu 500,000. Mara mbili, si mara mia. Arp 220 ni nadra, tena tunaikuta katika kipindi kifupi cha maisha yake.

Na hata zamani, ulimwengu ulipokuwa ukizaa nyota kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote, miaka bilioni 10 hivi iliyopita, migongano haikuwa chanzo kikuu. Kazi iliyotumia darubini ya anga ya Herschel, iliyochapishwa mwaka 2011, ilikadiria kwamba galaksi zilizokuwa katika milipuko ya kuzaa nyota ya namna hii zilichangia asilimia 10 hivi tu ya nyota zote za wakati ule. Zilizobaki zilizaliwa katika galaksi za kawaida, zilizokuwa zimejaa gesi na kuendelea kulishwa gesi mpya kutoka nje. Tunarudi pale pale: penye gesi ndipo penye nyota.

Lipo pia la baadaye. Galaksi ya kawaida ina gesi ya molekuli ya kutosha miaka bilioni 2 hivi kwa mwendo wake wa sasa. Ile inayozaa nyota kwa mlipuko huimaliza ndani ya makumi ya mamilioni ya miaka, ghala la mwaka mzima likaliwa kwa karamu moja. Tena si yote inayoliwa. Galaksi ya M82, umbali wa miaka nuru milioni 12, ilivurugwa na jirani yake M81. Ramani za redio bado zinaonyesha hidrojeni iliyochomolewa ikiwa imetandazwa kati yao. Nyota kubwa zilizozaliwa M82 zimeshaanza kufa kwa milipuko, na milipuko hiyo inasukuma upepo wa gesi juu na chini ya diski, maelfu ya miaka nuru kwenda nje. Nyota zinafukuza chakula cha nyota zijazo. Gesi ikifika hadi kwenye shimo jeusi la katikati, nalo huwaka na kuongeza msukumo wake. Mwisho wa njia hiyo, mara nyingi, ni galaksi ya duaradufu: nyota nyekundu za kizee, gesi baridi kidogo sana. NGC 7252 iko njiani. Mikia yake bado inaonekana, katikati imeshaanza kutulia, na vishada vilivyozaliwa kwa mgongano vinaizunguka.

Je, sisi? Galaksi ndogo ya Sagittarius, iliyogunduliwa mwaka 1994, imekuwa ikiipitia Njia Nyeupe tena na tena huku ikimeguka. Mwaka 2020, watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti ya Gaia walichapisha historia ya kuzaliwa nyota katika eneo letu, na ndani yake mlikuwa na vilele vitatu: miaka bilioni 5.7, bilioni 1.9 na bilioni 1 iliyopita. Vinakaribiana na nyakati ambazo Sagittarius inakadiriwa kupita karibu. Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6, na walidokeza kwamba huenda hata lenyewe lisingekuwapo bila msukosuko ule wa kwanza. Mimi naliona dokezo hilo kuwa la kupendeza kuliko lilivyothibitika. Kulingana kwa tarehe si ushahidi wa sababu. Lakini vilele vyenyewe naviamini.

Mawingu ya Magellan hayahitaji kukadiriwa hivyo. Mawili haya, ambayo kwa kweli ni galaksi ndogo jirani zetu, yanayoonekana kwa macho matupu katika anga la kusini, yamepishana kwa karibu sana miaka milioni 200 hivi iliyopita au pungufu, na kati yake kuna daraja la gesi ambamo zimo nyota changa zilizozaliwa hapo hapo darajani. Katika Wingu Kubwa, miaka nuru 160,000 kutoka hapa, kuna nebula ya Tarantula, wingu kubwa la gesi inayong'aa, na ndani yake kishada R136 chenye nyota zinazozidi uzito wa majua 100. Hakuna kiwanda cha nyota kikubwa kuliko hicho katika ujirani wetu wote.

Na Andromeda, galaksi kubwa jirani yetu, je? Iko miaka nuru milioni 2.5 kutoka hapa na inatukaribia kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde. Mwaka 2012 tuliambiwa mgongano ni hakika, baada ya miaka bilioni 4 hivi. Mwaka 2025 hesabu mpya, iliyoingiza uvutano wa Wingu Kubwa la Magellan na wa galaksi ya M33, ilisema uwezekano ni nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Na hata ikitokea, kufikia wakati huo galaksi zote mbili zitakuwa zimeshatumia sehemu kubwa ya gesi yao. Sitegemei Arp 220 nyingine.

Wingu Kubwa ni habari nyingine. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 inaonyesha litaungana na Njia Nyeupe baada ya miaka bilioni 2.4 hivi, na tofauti na vigalaksi vingine vingi vinavyotuzunguka, hili bado lina gesi. Gesi nyingine limeshaipoteza: mkondo mrefu wa hidrojeni unaofuata nyuma ya Mawingu umejulikana tangu miaka ya 1970. Kiasi kitakachosalia siku likifika ndicho kitakachoamua kama kitovu chetu kitawaka au la, na ni swali linaloweza kufanyiwa kazi leo, kwa kupima mkondo ule unapoteza nini na nini kinaturudia. Kwa hiyo mkiniuliza niiangalie galaksi ipi nikitaka kujua mustakabali wa nyota katika Njia Nyeupe, naangalia Wingu Kubwa kabla ya Andromeda.

Asanteni sana. Niko tayari kwa maswali.